Sinia la Jirani Mmoroko

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, tulikuwa tukikaa Ibra, mji wa huko Uarabuni, katika nyumba za kupanga karibu na skuli. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mama mkwe alikuwa bado Unguja, hakupata njia ya kuja. Maziwa ya mke wangu yalikuwa haba, mtoto akilia kutwa, na mtu pekee aliyekuja kukaa naye alikuwa jirani yetu Mmoroko, mke wa mwalimu.

Siku moja jirani huyo alileta sinia lililofunikwa kawa. Mlikuwa na mikate myembamba iliyochanwachanwa, imerowa mchuzi wa kuku na adesi, inanukia uwatu na viungo nisivyovijua. Pembeni, kibakuli cha unga wa rangi ya udongo.

"Kwetu mzazi hula hivi," alisema kwa Kiarabu chao cha haraka. "Unga huu ale asubuhi. Maziwa yatakuja."

Ofisini nilikuwa nimeshaonywa. "Wanawake wa Kimaghribi hao," aliniambia mwenzangu, mwenyeji wa huko, mtu wa Al Qabil, "usile chakula chao, watakufunga." Mtu huyohuyo hajapata kugusa hata sambusa zetu, maana sisi tuliotoka Unguja tulisemwa hayohayo, kwamba ni wachawi. Nililijua hilo na liliniuma. Bado nikamsadiki.

Nikalinyanyua sinia.

"Unalipeleka wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwanza tujue lina nini."

"Lina kuku. Nimechoka na uji wa pilipili manga, bwana. Nina njaa."

"Na unga huu?"

"Si umwulize mwenyewe? Ana ulimi."

Sikumwuliza. Nilikwenda uani, nikammwagia vyote mbuzi tuliyemweka kwa akika. Akala, akaramba chini, akaniinulia kichwa kutaka zaidi. Nikavuta kigoda, nikakaa nikimtazama macho yake kama yatageuka.

Mke wangu akachungulia dirishani. "Akifa, akika utachinja paka?"

Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa. Jirani amekuja kutazama kama mzazi amekula. Akamwona mbuzi, mdomo umejaa unga. Akaniona mimi juu ya kigoda.

"Mabruk," akasema. "Na huyu naye kazaa lini?"

Akachukua sinia lake akatoka.

Hakuja tena. Mke wangu akawa hasemi nami ila la lazima. Nikanunua maziwa ya kopo, mtoto akayatapika. Mwisho nilikwenda kwa mwalimu alasiri moja, nikiwa nimeyapanga maneno yangu ya radhi njiani.

Alinipokea vizuri. Akaleta chungu chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, akakifunua, akasema bismillahi, akachovya mkate kabla sijanyosha mkono. Kwetu mwenye nyumba hamtangulii mgeni. Nikamtazama vidole. Alikula upande wake tu, nyama ya katikati akaiacha, kisha akaimega na kuisukuma upande wangu. Nikajiuliza kwa nini haitaki yeye.

Ikaja chai ya nanaa. Akamimina gilasi ya kwanza, akairudisha birikani. Akamimina nyingine akainywa mwenyewe, taratibu, akinitazama juu ya gilasi. Ndipo akanimiminia mimi.

"Mwenye nyumba huonja kwanza," alisema. "Ndiyo desturi yetu."

Miaka baadaye nilihakikisha kuwa ni desturi yao kweli. Siku ile nilimtafutia kejeli usoni, sikuiona, na sikuamini kuwa haipo. Nyuma ya pazia vikuku vililia, vikanyamaza.

"Chai nzuri," nikasema.

"Nanaa kaipanda mke wangu," akajibu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja na mtoto begani.

"Umemtaka radhi?"

"Nimekunywa chai."

Akajitanda buibui, naye bado yumo ndani ya arobaini, akavuka kichochoro na mtoto wake. Nikamsikia akibisha. Akabisha tena. Mlango ukafunguliwa.

Tokea siku ile alikwenda kula huko kila asubuhi, na maziwa yakaja. Lakini mpaka mwalimu alipohamishiwa Sur, hakuna sinia lililovuka tena kizingiti chetu, wala mimi sikuitwa chai.