Kadi za mjomba, mashine yangu ya lamination, na maneno ya wakusanya kadi yaliyonitoa jasho

Wakuu, salamu kutoka Arua.

Leo sina siasa wala mpira wa wikiendi. Nina kisa changu mwenyewe, na nitakisema kama kilivyo hata pale ninapoonekana mjinga. Maana nilikuwa mjinga kweli.

Kaeni vizuri, ni kirefu kidogo.

Mimi nina kibanda cha photocopy na lamination karibu na soko. Miaka kumi na moja niko na mashine ileile.

Kama hujawahi kuishi West Nile, kona hii ya Uganda, elewa kitu kimoja. Huku kwetu karatasi yoyote yenye maana lazima iingie kwenye plastiki. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, picha ya marehemu, makubaliano ya shamba. Watu wanatoka kijijini Abuku na karatasi ya shamba imekunjwa mara nane, wanaitoa kifuani, na hawaondoki mpaka waione inatoka kwenye mashine inang'aa.

Sisi tumekimbia sana, wakuu. Mvua na mchwa vimekula karatasi zetu nyingi. Kwa hiyo mtu akikuambia tunza hii, unaitunza kwa moto na plastiki.

Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Sasa, mjomba wangu Juma yuko Koboko. Ni kaka wa mama, fundi cherehani wa siku nyingi. Mwaka jana aliacha kushona baada ya kuziba mguu mmoja wa suruali ya mteja bila kujua. Akaenda kupimwa, wakamwambia ni presha ya macho. Daktari akasema kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka.

Siku moja akaniita Koboko. Akatoa kopo la zamani la biskuti. Ndani kuna kadi za wachezaji mpira, wale wa timu moja ya Ulaya, jezi nyekundu. Alizikusanya enzi za ukimbizi Sudan, zilikuwa zinatoka ndani ya pakiti za chingamu. Wachezaji kumi. Mshambuliaji anaye mara mbili. Kipa hana.

Tangu ujana wake hajawahi kumpata kipa.

Akaniambia hivi: "Mimi nataka kuona hii timu iko yote, mbele macho haijaisha. Kipa iko mahali. Wewe iko na simu. Tafuta."

Ungekataa wewe? Mimi sikukataa.

Nikatafuta, nikaingia kwenye group moja ya wakusanya kadi, wengi wao wa Kampala. Nikajitambulisha kwa heshima zote. Nikaandika kwamba namtafuta kipa wa timu hii, na mimi nina mshambuliaji wa ziada, tubadilishane.

Majibu yakaja kama mvua ya mawe. Raw au slab? Condition gani? Corners vipi? Centering? Una refs?

Jamani. Nimesoma Kiingereza mpaka senior six, na sikuambulia kitu.

Nikauliza raw ni nini. Mtu akatuma kicheko. Mwingine akasema nirudi juu nisome. Nimesoma juu mpaka dole gumba likauma, na kila mahali wanaongea hivyohivyo, kama watu waliozaliwa wakijua.

Niliokota neno mojamoja, kama kuku anayeokota mtama. Raw ni kadi iliyo uchi, haijaenda popote kupewa alama. Slab ni ile iliyopewa alama ikafungiwa ndani ya kijumba cha plastiki. Mint ni ile inayoonekana kama imetoka kwenye pakiti leo. Centering ni picha kukaa katikati ya kadi bila kuelemea upande. PC ni zile za mtu mwenyewe, ambazo hata umpigie magoti hatoi. Refs ni mashahidi, watu uliowahi kubadilishana nao wakaridhika.

Nikatuma picha ya mshambuliaji, mbele na nyuma. Mtu akasema pembe ya chini ni soft. Nikaishika ile pembe kwa kidole, mbona ngumu tu? Kumbe maana yake imechakaa kidogo, kiasi ambacho mimi sikioni hata nikivaa miwani ya mteja.

Na hapo hatujaongelea weupe wa kingo. Wana jina la weupe wa kingo, wakuu! Kila mkwaruzo una jina lake. Nilichoka.

Mwishowe akajitokeza jamaa mmoja, Denis. Akaja inbox. Akasema ana makipa wawili, mmoja ni wa PC, mwingine yuko tayari kumbadilisha na mshambuliaji wangu. Ila kwa sababu mimi sina refs hata mmoja, mimi ndiye nitume kwanza. Ndiyo sheria yao, mgeni anatangulia.

Sawa, nikakubali.

Akanipa na masharti ya kutuma. Kadi iwe ndani ya plastiki ngumu. Isipinde. Isilowe. Isiguswe na vidole.

Wakuu, mtu ananiambia mimi, mwenye mashine ya lamination, kwamba kitu kiwe ndani ya plastiki ngumu, kisipinde, kisilowe. Nilicheka peke yangu kibandani. Nikasema kweli Mungu hamtupi mja wake, katika mambo yao yote haya nimepata moja ninalolijua kuliko wao.

Nikatoa ile plastiki nene, ile ninayowawekea watu vyeti vya chuo. Nikaacha mashine ipate moto vizuri. Nikapitisha mshambuliaji. Akatoka safi, bila kipovu hata kimoja, nikamkata kingo kwa ustadi.

Nikaiweka kwenye bahasha, nikaipeleka ofisi ya basi, ikaenda Kampala.

Siku ya tatu Denis akaweka picha kwenye group.

Sitasahau. Kadi ya mjomba wangu iko juu ya meza ya mtu, na chini yake wameandika RIP kumi na kitu. Mmoja akauliza kama nilitia na kitunguu. Denis mwenyewe aliandika neno moja tu kwangu: "Umeipika."

Nikajitetea. Nikamwambia basi toa plastiki. Aibu gani hii, mimi ndiye huwa nawaambia wateja wangu kila siku kwamba ikiingia haitoki.

Nikaambiwa kadi iliyopita kwenye lamination imekufa. Si raw, si slab, si chochote. Hakuna mkusanyaji atakayeigusa.

Hapo hasira ikanipanda. Nikaandika kwamba mna maneno mia ya mikwaruzo, lakini hakuna aliyeandika popote kwamba usiweke kadi kwenye mashine. Mtu akajibu, nani angefanya hivyo?

Nikamjibu, Arua nzima.

Denis aliirudisha kadi kwa basi. Hakunitukana tena, ila biashara akasema hakuna. Wiki nzima chakula hakikunishuka. Macho ya mjomba hayanisubiri mimi nijifunze.

Nikapanda gari kwenda Koboko kukiri.

Nilimkuta kibarazani baada ya alasiri. Nikamwekea kadi mkononi, nikasema yote. Aliipapasa, akaikunja kidogo, akainusa. Akasema: "Hii iko mzuri."

Nikamwambia hapana mjomba, hii imekufa, wenyewe wamesema. Akauliza imekufa namna gani na mtu yuko pale na mpira wake mguuni. Nikaanza kumweleza mint, nikamweleza corners, nikamweleza raw. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Kisha akaingiza mkono koponi, akatoa mshambuliaji wa pili, yule mzuri aliyebaki. "Basi peleka hii. Ile ya plastiki inabaki kwa timu."

Yaani wiki nzima nimekonda, na jibu lilikuwa koponi.

Nikamwandikia Denis, nikamwambia ukweli wote, na macho ya mzee nikayataja. Kesho yake akanitumia kwa basi bahasha yenye sleeve moja, ule mfuko mwepesi, na toploader moja, ile plastiki ngumu unayotumbukiza kadi bila moto. Akaandika maelekezo kana kwamba natuma bomu. Nawa mikono. Kausha. Shika kingo. USIWASHE MASHINE.

Nikafanya yote. Nilizima hadi umeme wa kibanda.

Mshambuliaji akaenda, na kipa akaja.

Wakuu, nilipomfungua yule kipa ndipo nilipoelewa mint bila kuambiwa na mtu. Rangi kama ya jana. Pembe nne zote kali. Kadi ya umri ule! Nilimtazama mpaka mteja akagonga meza. Na nikajikuta nasema peke yangu, centering safi kabisa. Ugonjwa wao ulikuwa umeshanipata.

Nikampeleka Koboko ndani ya toploader yake, kifuani, kama wale watu wa Abuku.

Mjomba alitandaza mkeka, akapanga kumi, akaacha nafasi moja. Nikampa kipa. Alimleta karibu na jicho la kushoto, akampindua kwenye mwanga, akamrudisha. Ilichukua muda mrefu. Akamweka mahali pake. Akahesabu kwa kidole mpaka mwisho.

Akahesabu tena.

Mimi machozi yalinitoka, siwafichi.

Ndipo akasema: "Sasa weka yote plastiki. Kama ile ingine."

Nilidhani anatania. Nikamwambia mjomba, huyu kipa ni mint. Nikamwaga maneno yote niliyojifunza kwa jasho langu. Nikamwambia kuna watu wangelia wakikusikia. Akaniuliza kama huyo Denis anaona. Nikasema anaona vizuri.

"Basi yeye aweke yake vile anataka. Mimi nitaona na mukono. Na mukono ya mutu iko na jasho."

Kesho yake alikuja mwenyewe Arua, akakaa kwenye benchi la kibanda akisikiliza mashine. Nikapitisha mmojammoja. Kipa nikamwacha wa mwisho, nikitumaini umeme utakatika. Arua hii ambayo umeme unakatika bila sababu, siku hiyo ukakaa.

Nilimpitisha kwa mkono wangu. Sikuangalia.

Nikampa mjomba zote kumi na moja. Akazipitishia dole gumba, lile dole la fundi lililojua pindo la kila suruali ya Koboko. Akakunja uso. Akasema zote ziko sawasawa, atamjuaje kipa? Akaniambia nikate pembe moja ya kipa.

Nikakata ule ukingo wa plastiki tu, kidogo, nisiguse kadi. Akapapasa. "Bado. Hiyo ni plastiki. Ingia ndani."

Nikamwambia mjomba, pembe ndiyo kila kitu. Kwa watu wale, pembe ndiyo kadi yenyewe.

"Kata, mtoto ya dada."

Nikakata. Nikasikia mkasi unapita kwenye ile karatasi ya zamani, na kile kipembe kikaanguka mezani. Bado ninacho kwenye droo.

Sasa ni miezi kadhaa. Jicho la kulia limezima. La kushoto linatambua mlango uko wapi, basi. Lakini ukienda Koboko jioni jioni utamkuta kwenye mkeka anachanganya kadi zake mkononi na kuzipanga. Kipa anatangulia, na hajamkosea hata siku moja. Wale wengine anawapanga vyovyote tu.

Nilimuuliza kwa nini hakutaka alama kwa wale kumi. Akasema: "Wale inakimbia uwanja yote. Kipa peke yake ndio inakaa."

Nilichojifunza, wakuu. Ukiingia kwenye jambo la watu, uliza neno usilolijua, wacheke wanavyotaka, na uliza KABLA ya kuwasha mashine. Na ukishayajua maneno yao yote usijione umefika, kwa sababu mwenye kadi anaweza kuwa hayahitaji.

Ila nina shida moja, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Denis amekuwa mtu mwema sana. Amenipa ref yangu ya kwanza, kaandika kwamba mimi ni mwaminifu na ninajifunza. Na kila baada ya wiki mbili ananiuliza inbox, kaka, kipa wetu hajambo? Pembe bado kali?

Sijamjibu tangu ile siku ya mkasi. Kile kipembe nakiona kila nikifungua droo.

Nyie wenye busara, mngekuwa mimi mngemwandikia nini?