Mvua ya Simu

"Teacher, huyo mtu anayeimba anaita nani?"

Aliyeuliza ni Jerop, mtoto wa darasa la nne. Mamake alimleta kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani hakukuwa na wa kumwangalia. Akina mama walikuwa wamelala chali kwa mazoezi katika ukumbi wa kanisa, hapo mtaa wa Pioneer, kila mmoja juu ya leso yake. Simu ya Teacher Selpha ilikuwa ndani ya sufuria ili sauti itoke kubwa.

Macho yakafumbuka, moja baada ya jingine.

Jerop hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesikiliza tu. Mwimbaji alirudia jina moja, polepole, kama mtu anayebisha mlango akijua mwenye nyumba yumo. Lugha yenyewe haikuwa Kiswahili, wala Kinandi, wala Kijaluo cha Teacher. Selpha akazima simu.

"Mtoto ameuliza swali," akasema Mama Kiprotich, mwenyekiti wa akina mama, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa ukumbi. Aliinuka kwa kushika ukuta, maana mgongo wake ulikuwa umekataa kazi tangu msimu wa kupanda. "Hapa ni kwa Mungu, Selpha. Nikisikia huyo mtu akiitwa tena, utatafuta pengine."

Pengine hapakuwepo. Selpha Otiende alikuwa mwalimu wa nasari mpaka kuinamia viti vya watoto kukamharibia mgongo. Daktari wa mazoezi akamfunza yoga, akapona, akaamua kufunza wengine. Kumbi nyingine zilishamfungia mlango kwa sababu ya hilo neno yoga tu, wakidhani ni ibada ya miungu mingine.

Basi akaweka kwenye simu muziki wa filimbi, bila neno hata moja. Jerop aliona ni salama. Lakini Naomi, muuza maziwa, akainua kichwa kutoka sakafuni.

"Hii ndiyo mbaya zaidi. Maneno wameyaficha wapi?"

Wengine wakaguna. Jerop akasogeza sikio karibu na sufuria, na kweli, akaanza kusikia kama kuna mtu ananong'ona huko ndani.

Siku iliyofuata Selpha akaweka nyimbo za kanisa. Nani angeshuku hizo? Hakuna aliyeshuku, ila hakuna aliyelala pia. Ubeti wa kwanza haukuisha kabla wote hawajasimama, mikono juu, leso zinapepea, na mama mmoja kwenye kona ameanza kutoa ushuhuda.

"Aki mlale chini!" Selpha akawaomba.

"Tulale Bwana akisifiwa?" Naomi akamjibu.

Mwisho akarekodi mvua. Mvua tupu, ikinyesha juu ya mabati ya nyumba yake. Mvua ina dhehebu gani? Aliweka simu kwenye sufuria, akawaambia wafumbe macho. Ukumbi ukatulia. Jerop alimwona Teacher akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu lile swali.

Mvua ikazidi.

"Mahindi!"

Mama Kiprotich ndiye aliyepiga kelele. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na kila aliyelala pale alikuwa ameacha mahindi yake nje yakikauka. Walitoka mbio, miguu mitupu, wakavamia turubai la kwanza la mahindi walilokutana nalo, lililotandazwa uani mwa kanisa. Wakashika pembe, wakainua, wakakunja. Ndipo mtu akatazama juu.

Jua lilikuwa linawaka kama kawaida. Wingu hata la dawa halikuonekana.

"Selpha," akasema Mama Kiprotich, bado ameng'ang'ania pembe, "sasa unatuletea mvua ya uongo?"

Selpha alisimama mlangoni na sufuria yake, ikinyesha bado. Jerop alijua huo ndio mwisho wa Teacher. Lakini Naomi alikuwa amemkazia macho mwenyekiti.

"Mama Kiprotich, si wewe huinuka kwa kushika ukuta?"

Mama Kiprotich akatazama turubai mkononi mwake. Akalitua. Akajigusa kiuno, akainama kidogo, akainuka, kama mtu anayepima daraja kabla ya kuvuka.

"Hiyo yoga yako bado siiamini," akasema. "Na hiyo simu ndiyo siiamini kabisa. Kesho tunakuja. Simu ibaki kwako."

Wakacheka mpaka wakaketi juu ya mahindi.

Tangu hapo darasa halina muziki. Watu hupumua, wakisikilizana. Jerop, ambaye siku hizi yuko kidato cha tatu, hupitia hapo likizoni kumsubiri mamake. Juzi alimkuta Teacher peke yake akikunja leso, akamuuliza tena: ule wimbo wa kwanza, yule mtu alikuwa anaita nani?

Selpha akachungulia nje kwanza, kuona kama Mama Kiprotich yuko karibu.

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nilikuwa namshuku."