Dada Yangu Alipokataa Kurudi Uholanzi

Dada yangu alifika Ibra, kwetu Omani, na mwanawe katika joto la kuvunia tende, mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa akiishi Uholanzi tangu aolewe, na mumewe alikuwa ameshafariki. Mtoto alikuwa na miaka tisa, hasemi, hatembei, na kifafa kilikuwa kikimshika. Sisi tulikuwa tukimjua kwa picha tu. Mama alimpokea mlangoni akampakata kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia, akaanza kumwimbia zile nyimbo alizokuwa akitubembelezea sisi tulipokuwa wadogo Unguja.

Tulidhani ni matembezi ya mwezi mmoja. Lakini mapema tu niliona dada yangu hana raha. Simu ikilia, anaacha kutafuna. Mlango ukigongwa, anamtazama mtoto kwanza.

Siku moja tulikuwa tunaanika nguo juu ya dari, nikamuuliza, "Dada, una nini?"

"Sirudi," akasema. "Nikirudi watamchukua."

Akanieleza. Kulikuwa na mwanamke wa soshali, ndivyo alivyomwita mtu wa ustawi wa jamii, aliyekuja kwake kila wiki. Mpole, anakunywa chai, anauliza habari ya mgongo wake. Huyo ndiye aliyemwambia kuna nyumba ya watoto kama yule, ina wauguzi, na kwamba mtoto akae huko, yeye amchukue Ijumaa na kumrudisha Jumapili.

"Amekulazimisha?"

"Hajanilazimisha. Ananiuliza tu, kila akija. Mtu akikuuliza jambo lile lile kila wiki, na nyuma yake kuna serikali, wewe hungeogopa?"

Nikamkumbusha yale aliyokuwa akitusimulia kwenye simu: kiti cha magurudumu walichompimia mtoto, gari la kumpeleka skuli, mama wa kuja kumkosha asubuhi, pesa ya kila mwezi.

"Wamenipa kila kitu," akajibu. "Lakini miaka yote ile, hakuna aliyenigongea mlango ila awe ameajiriwa kugonga."

Alhamisi kaka yetu alikuja kutoka mji wa Sur, alikokuwa na kazi. Tukakaa na Mama kuzungumza.

"Abaki," kaka akasema. "Nyumba imejaa watu, hatokosa wa kumnyanyua."

Mama akaongeza, "Mjukuu wangu alelewe na serikali, na mimi ni hai?"

Mimi nilikuwa nikiwapitia akilini hao watu waliojaa nyumba. Kaka yuko Sur. Mama ana sukari na magoti hayamnyanyui yeye mwenyewe. Mtumishi mkataba wake unakwisha. Likizo ikisha, watoto wangu wako skuli. Niliyebaki ni mimi, na mimi ni mwalimu, natoka asubuhi narudi adhuhuri. Usingizi ulianza kunipaa. Nikenda nyumbani kwa mudira, mwalimu mkuu wa skuli yetu, kumuuliza kama mtoto anaweza kupokelewa popote. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Nani atamlisha, ukhti? Nani atambadilisha?"

Na hata hivyo, mtoto mwenyewe alikuwa amefurahi. Wanangu walikuwa wakilala naye kwenye zulia, wanamwekea tende mdomoni kidogo kidogo, wanamsomea vitabu vya skuli asivyoelewa. Kiti chake kilikuwa hakipiti kwenye changarawe, basi mume wangu akimbeba mabegani mpaka kwenye falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, akamtia miguu majini. Alikuwa akicheka kwa sauti kubwa, na dada yangu akisimama kando akilia. Alisema Uholanzi hajapata kumsikia akicheka vile.

Dada hakutwambia kuwa dawa zinakwisha. Alileta za mwezi mmoja, na mwezi ulikuwa umeshapita. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, kifafa kilimshika mtoto na hakikumwachia. Midomo ikawa ya buluu. Mume wangu aliendesha gari mpaka hospitali, mimi nimemshika mtoto kichwa, dada anasema maneno ya Kiholanzi ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Daktari alikuwa Msudani, mtu mzima. Kilipotulia akauliza, "Dawa yake nani aliyeipunguza?"

"Mimi," dada akasema. "Nilikuwa nampa nusu, isije ikaisha."

Hakumgombeza. Alisema dawa ile ataiagiza Maskati, itapatikana. Kisha akamwinua mtoto mguu, akamsikiliza kifua, akauliza huko alikokuwa nani aliyekuwa akimshughulikia. Dada akamtajia: wa kumnyoosha viungo, wa kumfundisha kumeza, daktari wa kifafa, mwalimu wake.

"Hapa ana mimi," daktari akasema.

Mama, aliyekuja nasi, alikuwa amekaa kitini na tasbihi yake. Tulidhani hasikii. "Mrudishe," akasema.

"Mama, na wakimchukua?"

"Hapa nimemwona akichukuliwa mbele ya macho yangu. Mrudishe, mwanangu."

Walirudi Uholanzi kabla ya skuli kufunguliwa. Yule mwanamke wa soshali akaendelea kuja na kuuliza, na miaka miwili baadaye mgongo wa dada ulipokataa kabisa, alimpeleka mtoto kwenye ile nyumba kwa mkono wake. Hakuna aliyemchukua.

Mimi nilikwenda kuwatembelea mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyumba safi, kila mtoto ana chumba, mlangoni pana picha yake. Kijana mmoja wa Kiholanzi alikuwa akimlisha mtoto wetu kijiko kwa kijiko, bila haraka, huku akimzungumzisha. Mtoto alikuwa amenenepa. Nilishukuru kwa moyo wote. Kisha wakawasogeza watoto dirishani, kila mmoja kwenye kiti chake, na kati ya kiti na kiti nafasi ya mtu kupita. Nikapiga magoti nikalaza kichwa changu mapajani mwake. Akaukamata mtandio wangu akauvuta. Yule kijana akaja mbio kuuliza kama ananiumiza.

Kwenye basi dada akaniuliza, "Umeonaje?"

"Pazuri."

"Najua pazuri. Sikukuuliza hilo."

Niliporudi Ibra, Mama alikuwa akinisubiri sebuleni. Hakuniuliza safari. "Analala na nani?"

"Peke yake, Mama. Ana chumba chake."

"Na kifafa?"

"Kimepungua sana."

"Alhamdulillahi," akasema. Nikamimina kahawa, nikampa kikombe, akakishika bila kunywa. "Peke yake?" akauliza tena.