Vivuli Kwenye Monita ya Kagure

Saa moja asubuhi, mji mdogo wa Chaka. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati na soko halijaamka. Kagure anafungua kibanda chake cha gemu, anawasha mashine, kisha anarudi nyuma kidogo na kusubiri.

Picha inaingia. Wachezaji wa mpira wanatokea uwanjani, na kando ya kila mmoja, upande wa kulia, yuko mwingine wa kijivu asiye na uso. Mchezaji akikimbia, naye anakimbia.

"Bado wako," anasema kwa sauti ya chini.

Mama huyu aliachiwa kibanda na mumewe, Gatimu, aliyefariki mwaka jana. Mashine ni ya zamani; Gatimu aliifungua akachomelea waya mpya ndani ili ikubali monita ya kompyuta. Mechi moja ni shilingi ishirini, na humo ndimo inamotoka karo ya binti yao, Anita.

Vivuli vilianza mashine iliporudishwa kibandani kutoka nyumbani baada ya mazishi. Mwanzoni wateja walicheka.

"Mama Anita, leo Baba Anita anacheza beki!" alitania Ngatia, mwendesha bodaboda.

Jioni moja Ngatia huyo huyo alisimama katikati ya mechi, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Sasa viti vimebaki vitupu, na shule zinakaribia kufunguliwa.

"Niliachia darasa la saba, lakini niko na macho," anasema Kagure. "Nilikuwa namshikia Baba Anita tochi akifanya kazi. Aliniambia, usibadilishe vitu viwili pamoja, hutajua gani ilikuwa mgonjwa."

Ameazima monita nyingine: vivuli vikabaki. Akabadilisha waya wa nje: vikabaki. Kila asubuhi ameipaka mashine mafuta ya upako akiomba, kidole kikipita juu ya tundu la waya. Vivuli vikazidi kurefuka.

Leo anaifungua. Tunduni, mafuta yameshika vumbi jeusi. Ndani zaidi, waya mmoja wa Gatimu umeachia.

"Ati ni mimi nilikuwa nalisha hii kitu, na mafuta ya Bwana!" anasema bila kucheka.

Anasafisha kwa spiriti, anachomelea. Kwenye gundi iliyokauka kando ya waya kuna alama ya kidole gumba. Si chake. Anaiangalia kwa muda mrefu, kisha anafunika mashine bila kuigusa alama ile.

Picha inarudi, safi kama kioo. Kila mchezaji yuko peke yake.

Ngatia, aliyeitwa aje ajionee, anachungulia bila kuvuka kizingiti.

"Wameenda wapi, Mama Anita?"

"Ingia uketi, wacha kuniuliza ya wafu."

Ngatia anacheka, lakini haingii. "Jumamosi nitaleta maboi wa steji ya boda. Lakini ukae na sisi ndani."

Kagure anakubali. Jumamosi atafungua mapema, Mungu akipenda, na Anita atarudi shule.

Na vivuli vikirudi?

"Nitaangalia waya kwanza, moja moja," anasema, macho yakiwa kwenye skrini. "Kama si waya, nitamwita kwa jina."