Swali Lililojibiwa na Mkwe

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuwa zimezigeuza njia zote za Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuwa utelezi mtupu. Mektrida, mjane aliyekaribia miaka sitini, aliteleza akipandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare, akaanguka kwa makalio. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, na ng'ombe wawili wa maziwa aliowafungia nyuma ya nyumba ndio waliomlisha. Kama asingeweza tena kubeba majani, ingembidi awauze.

Maumivu ya kiuno aliyasema kwa kila mtu. Jambo la pili alilificha. Tangu asubuhi ya siku moja kabla ya kupelekwa kutibiwa, mkojo ulikuwa ukimtoka bila yeye kuhisi, na sehemu ya mwili anayoikalia ilikuwa imekufa ganzi. Alijifunga vitambaa, akajipa moyo kwamba mgongo ukinyooka, na hilo nalo litakwisha.

Sylvanus, mume wa binti yake, muuza mitumba mjini Moshi, ndiye aliyempeleka kwa Shedrack. Huyu alisomea ng'ambo kairopraktiki, yaani taaluma ya kutibu mgongo na viungo kwa mikono, bila dawa wala kisu, na alikuwa amefungua chumba chake cha tiba upande wa Mawenzi, hapo hapo mjini. Kule Uru ilisemekana kwamba anavunja watu shingo kama kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Wewe ndiye unayevunja watu?"

"Leo huenda nisikuguse sana," Shedrack alicheka. "Siku ya kwanza ni ya maswali na vipimo. Mgongo nisioujua siusukumi."

"Basi muulize upesi," Sylvanus akadakia. "Huyu mama amebeba majani tangu enzi za Mjerumani!"

"Mjerumani aliondoka sijazaliwa, mkwe. Usinizeeshe."

Wakacheka wote watatu. Kisha maswali yakaanza. Ulianguka vipi? Maumivu yanashuka mguuni? Mguu upi?

"Yote miwili," Mektrida alijibu.

Shedrack akaacha kutabasamu. "Haja ndogo, mama, unaizuia vizuri?"

Katika malezi ya Mektrida, mwanamke hakutaja mambo ya maungo yake mbele ya mume wa binti yake. Hata neno paja lilikuwa zito. Na kumwomba mkwe atoke kulikuwa sawa na kumtangazia kwamba lipo la aibu. Sylvanus naye alilelewa hivyo hivyo. Akitaka kumwokoa mama mkwe na fedheha, akajibu mbio:

"Hana shida hiyo, daktari. Ni mgongo tu."

"Nimemuuliza mama."

Mektrida aliinamisha macho. "Ni kama alivyosema."

Shedrack alimgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, miguu ikaruka kidogo. Alipogonga nyuma ya vifundo, haikuruka. Alimwambia asimame kwa ncha za vidole. Akashindwa, akashika meza.

"Bwana Sylvanus, naomba utusubiri nje."

"Mke wangu ameniapisha nisimwache mama yake hata kidogo. Umesikia mwenyewe wanayoyasema juu ya shingo."

"Mama, unataka abaki?"

Kama angesema hapana, Sylvanus angejua. "Abaki," alisema. Sylvanus akageuza kiti, akautazama ukuta.

Mektrida akalala kifudifudi juu ya kitanda chembamba chenye tundu la kupitishia uso. Vidole vya daktari vikashuka pingili baada ya pingili, polepole, hadi kiunoni.

"Hapa?"

"Hapo."

Kiganja kikatulia pale pale. Mektrida alikaza meno. Msukumo mmoja tu, aliwaza, nami nitarudi nyumbani bila mtu kujua. Msukumo haukuja.

"Mama," Shedrack alisema kwa sauti ya chini, "neva za mkojo na za miguu zinapita chini ya mkono wangu huu. Kama zimebanwa, naweza kukulemaza. Lile swali bado nalisubiri."

Kupitia lile tundu, Mektrida aliviona viatu vya mkwe wake, vimetulia.

"Mkwe," aliita. "Toka nje."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mlango ulipofungwa, alilisema lote, huku uso wake ukiwa bado umeelekea chini. Shedrack aliondoa mikono yote miwili papo hapo.

"Sikusukumi. Hii ni kazi ya daktari wa upasuaji, tena leo hii."

"Na ng'ombe?"

"Tuisimamishe kwanza miguu yako, mama."

Sylvanus alikuwa barazani, amewapa mgongo. Alipoambiwa kwamba mama anahitajika hospitali ya rufaa mara moja, hakuuliza kwa nini. Alikimbia barabarani kutafuta gari.

Mektrida alipasuliwa siku hiyo. Nguvu za miguu zilirudi, lile lingine lilichukua miezi kutengemaa. Wanawake waliokuja kumuuliza kuhusu yule mvunja shingo aliwaeleza: "Atakuuliza mengi, atakugonga kwa nyundo, na atakwambia kabla ya kukushika. Ila mkwe wako mwache barazani."

Majani hakuyabeba tena. Sylvanus aliyaleta kwa gari la kubebea mitumba, akayashusha zizini, akabisha hodi kutoka kule kwenye mibuni, mbali na mlango. Na hadi leo hajauliza mama alisema nini mle chumbani.