Lori Lililofukizwa Ubani

Niliporudi Mombasa safari ile, dada yangu hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza naondoka lini.

"Mara hii nakaa," nikamwambia.

"Hata mwaka jana ulikaa. Wiki tatu."

Alisema kweli. Miaka ishirini na zaidi nimekuwa mtu wa njiani, kwanza utingo wa malori ya masafa, kisha dereva: Malaba, Kampala, Juba. Mji wa Kale nilikuja kama mgeni wa Idi, nikala, nikalala, nikatamani yaliyopita, nikaondoka. Yeye alibaki. Alimuuguza mama mpaka siku yake ilipofika, na katika ua ule ule aliopikia mama akawa mpishi wa harusi anayetajwa mpaka Majengo. Biriani lake halikuwa na kasoro ila moja: lilifika ukumbini kwa pikapu za kukodi, ambazo asubuhi zilibeba saruji na adhuhuri zikaja kubeba chakula cha watu. Mara mbili alifunua sufuria mbele ya wenye harusi akakuta vumbi la kijivu juu ya wali.

Tukaafikiana tununue lori la boksi, lile lililofunikwa pande zote, la tani tano, libebe masufuria, sinia, viti na mikeka. Mimi ndiye niliendeshe. Ili fedha zitimie aliuza bangili mbili za mama. Alizivua kwa sabuni, maana mkono ulikuwa umenenepa tangu azivae. Nilimwona akisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Yadi ya mnada iko Shimanzi, kati ya maghala na makontena. Kunguru wameifanya choo chao. Magari waliyonyang'anywa watu kwa madeni yamepangwa safu safu, mengine yangali na kiatu cha mtoto kitini, au tasbihi kwenye kioo, na juu ya yote hayo mavi meupe ya kunguru. Ukutani wamebandika kwamba kila gari lauzwa jinsi lilivyo na pale lilipo, na likishauzwa halirudi. Dalali hupita na shati lake jeupe lililopigwa pasi, akisema "mabwana" kila baada ya maneno matatu.

Siku ya ukaguzi nilifika mapema. Kazi hii naijua. Nilitazama oili kwenye kijiti chake, nikaingia chini nikagonga chasisi, nikapapasa tairi, nikasikiza injini ikiunguruma mpaka ikapata moto. Yote sawa. Nikazunguka nyuma. Mlango wa boksi ulikuwa wazi, na ndani mlinzi wa yadi amechuchumaa na chetezo, moshi umejaa.

"Mwafukiza lori?" nikamuuliza.

"Kila asubuhi, bwanangu. Biashara ni baraka. Kwenu hamfukizi?"

"Kwetu twafukiza."

"Basi mbona wauliza?"

Kweli, hapana duka kwetu linalofunguliwa asubuhi bila ubani mlangoni. Nikavuta pumzi. Ulikuwa ubani, na ndani yake kitu kingine kikali, chenye ubaridi, nikalikumbuka sanduku la mama la nguo, siku ya kufungua kuamkia Idi, sisi tumelizunguka tukingoja kanzu na magauni yatolewe. Macho yakanilowa. Nilitakiwa niingie, niinue mbao za sakafu, nichungulie pembeni. Sikutia hata mguu. Nilisimama mlangoni kama mjinga nikinusa utoto wangu, kisha nikaenda kuandikisha jina.

Siku ya mnada watu walipigania kila kitu, hata pikapu isiyo na milango. Lilipofika lori langu, nikanyanyua kadi, na yadi nzima ikanyamaza.

"Hakuna mwengine?" dalali akaita. "Mabwana, lori zima hili! Boksi halina tundu!"

Mtu mmoja akakohoa. Nyundo ikaanguka. Nikadhani ni bahati, dua za dada zimefika.

Pembeni yangu alikuwa mnunuzi wa kila wiki, shavu limejaa majani ya muguka. Akaniinamia.

"Ndugu, wewe mtu wa wapi?"

"Mji wa Kale."

"Wallahi? Mji wa Kale hasa?" Akawageukia wenzake. "Mwamsikia? Basi hiyo pua mwaivaa kwa pambo?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, nisijue nachekea nini. Kicheko changu kile nakionea haya mpaka leo.

Nilianza kujua barabarani. Jua la saa sita lilipolipiga bati, chini ya ule ubani pakainuka harufu nyingine. Nilipokwama kwenye foleni Mwembe Tayari, nzi waliingia kabini, si wale wembamba wa jikoni, bali wale wa kijani. Mchuuzi wa maji akaja dirishani, akaziba pua, akaenda kuuzia gari la nyuma. Nilipoegesha karibu na Ngomeni, maana vichochoro vyetu haviingii lori, nyuma pakawa padondoka maji ya rangi ya chai, na paka wa mtaa mzima wakaja. Walikaa chini ya lori wakitazama juu, kama watu wanaongoja sadaka.

Dada alikuja mbio na buibui lake, uso umejaa furaha. Hatua kumi kabla ya kulifikia lori akasimama.

"Nani kafa?"

"Kafa nani tena? Ni ubani tu. Wenyewe hufukiza, baraka ya biashara."

"Huu si ubani mtupu. Hii ni karafuu maiti." Akajifunika pua kwa ukaya. "Mimi ndiye niliyemwosha mama. Wewe ulikuwa Juba. Hiyo ndiyo tuliyomtia."

Mimi nilikumbuka sanduku, yeye akamkumbuka maiti, na harufu ni hiyo hiyo moja. Aliyekaa mjini angeitambua. Nani afukize karafuu maiti ndani ya gari, ila mwenye jambo la kufunika?

Tuling'oa mbao za sakafu. Nitasema tu tulichokikuta: chumvi iliyoganda, nywele za ng'ombe, mafuta yaliyogeuka manjano, na funza wakitembea ndani yake kana kwamba mahali pale ni pao. Lori lilibeba ngozi mbichi kwa miaka. Nilitapika kando ya gurudumu, mbele ya wazee waliokuwa wakienda kuswali alasiri. Mmoja, jirani yetu wa zamani, aliziba pua kwa kofia yake akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Sijui alikuwa akinidhihaki au la.

Harusi ya kwanza tuliyonuia kuipelekea chakula kwa lori ilikuwa Jumapili. Siku tatu nililisugua lile boksi kwa siki, kwa majivu, kwa gunia zima la ndimu, kwa dawa ya vyoo. Nilitia mbao mpya. Jumamosi nikamwambia dada limekwisha, lanukia ndimu tu.

Hakubishana. Alipika wali mweupe, usiotiwa hata iliki, akaupakua kwenye sinia, akaufunika kwa kawa, akauweka ndani ya boksi na kufunga mlango. Tukakaa nje kivulini toka adhuhuri mpaka alasiri. Kisha akafungua, akaleta ile sinia.

"Kula."

Nikatwaa tonge. Lilikuwa wali mpaka lilipofika kooni. Huko likawa ngozi. Nikameza.

"Mzuri," nikasema.

"Kula tena."

Nikala tena. Alikuwa akinitazama machoni, si mdomoni.

"Wali huu ungemlisha mwali?"

Nikatwaa tonge la tatu ili nisijibu. Akaipokonya sinia, akaimwaga pale chini. Paka hawakuacha hata punje.

Jumapili biriani lilikwenda kwa pikapu ya kukodi, na yeye alikaa nyuma, amekumbatia vifuniko kwa mikono isiyo na bangili.

Wiki iliyofuata mtu mmoja wa ghala la ngozi alinitafuta. Lori alilijua, hata njia zake alizijua. Sasa ninakwenda machinjioni bara, napakia ngozi zilizotiwa chumvi, nazileta mjini zingoje meli ya Kilindini. Zinateleza mikononi kama kitu kilicho hai. Nikishika mkate, nauona unanuka. Hazipungui siku nne kabla sijarudi nyumbani.

Jambo moja sijamwambia dada. Safari ya kwanza, nilipoupita Mariakani na barabara ikanyooka mbele yangu, nilijikuta napiga mluzi. Nyuma yangu uozo wa tani tano, bangili za mama zimekwenda, na mimi napiga mluzi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilijichukia. Sikunyamaza.

Nikirudi siku hizi, nakuta chetezo kizingitini. Dada hataki niingie kabla sijasimama juu ya hicho chetezo, miguu huku na huku, moshi upande ndani ya nguo, kama zifukizwavyo nguo za harusi. Yeye husimama ndani, mkono umeshika mlango.

"Waondoka lini?" huniuliza.

"Alfajiri."

Huinama akaongeza ubani makaani.