Tulipokuwa Tukiunganisha Simu kwa Mikono

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya simu ya Sumbawanga nilivaa sweta la dada yangu Skolastika, maana asubuhi za kwetu zina baridi na mimi sikuwa na langu. Msimamizi wa zamu, mama mmoja kutoka Mbeya, alinikalisha mbele ya ubao mkubwa wenye matundu. Kila tundu lilikuwa la mteja mmoja. Taa yake ikiwaka unachomeka waya, unamuuliza anamtaka nani, kisha unachomeka waya wa pili kwenye tundu la huyo anayetafutwa. Sisi tuliofanya kazi hiyo tuliitwa maopereta.

"Wateja hawakuoni," aliniambia, "lakini ukinuna watasikia. Na ukisikiliza maongezi yao, mimi nitajua."

Baadaye nilihamishiwa Matai, kwenye ubao mdogo ambao ili kuita Sumbawanga ilibidi uzungushe mkono wa chuma. Mchana mmoja mganga wa zahanati alipiga akisema kuna mama amekwama katika uchungu, na hospitali haipokei simu. Nilijua kwamba dereva wa gari la wagonjwa hula nyumbani kwake, jirani na parokia. Nikaomba laini ya parokia, karani akakimbia kumwita. Mama yule alijifungua salama. Watu wa Matai walinisifu, nami nikaamini hakuna mashine itakayoweza kazi yangu.

Mwaka uliofuata Skolastika alikwama vivyo hivyo, huko kwetu Msanzi. Msanzi hakukuwa na waya wa simu. Mumewe alimpakia kwenye baiskeli, lakini dada akafia njiani pamoja na mtoto tumboni. Mimi, opereta, nililetewa habari na mtu aliyekuja mnadani.

Nilikuwa nimerudishwa Sumbawanga mtambo wa kujiendesha uliposimikwa. Mteja alizungusha namba mwenyewe na mtambo ukamuunganisha. Mkuu wa kituo alituita ofisini.

"Mama Oswadi, kazi ya ubao imekwisha."

"Na sisi wa ubao, mzee?"

"Tutaona."

Hiyo "tutaona" ilidumu masika yote. Kila asubuhi nilivaa vizuri, nikaenda kukaa mbele ya ubao usiowaka taa. Mwishowe nilipelekwa kaunta ya kupokea ankara, nikabaki hapo hadi kustaafu. Wenzangu wawili walirudishwa nyumbani. Mmoja hakuwahi kunisalimia tena, na sikumlaumu.

Kwa hiyo nikisikia vijana wakibishana kama mashine ni nzuri au mbaya, huwa sichagui upande. Mnara wa simu za mkononi uliposimama Msanzi nilikwenda kuutazama, nikalia. Leo mkunga wa pale mwenyewe anampigia dereva wa gari la wagonjwa, hamhitaji opereta yeyote. Siwezi kutamani waya wangu urudi. Ninachotamani ni kwamba mtu asiwekwe tena mbele ya ubao uliokufa akisubiri kuambiwa yeye ni nani sasa.

Mjukuu wangu Veneranda ni karani wa benki hapa mjini, nasi tunaishi pamoja mtaa wa Chanji. Majuzi alirudi kutoka kazini, akanipa shikamoo kwa sauti ndogo, akakaa bila kuvua viatu.

"Bibi, wanaleta programu ya kukagua maombi ya mikopo. Ndiyo kazi yangu hiyo."

"Umemuuliza meneja utafanya nini?"

"Naogopa ataniona mkorofi."

"Sisi tuliuliza mtambo ukiwa umeshasimikwa. Wewe uliza sasa. Mwambie pia unachokitaka, asije akakisia mwenyewe."

Anachokitaka ninakijua. Anataka kwenda vijijini kukaa na wakulima wa mahindi na ulezi wanaokataliwa mikopo bila kuelezwa sababu, na jioni arudi mapema amlee mwanawe. Si mambo makubwa. Kama mashine inapunguza kazi, sioni kwa nini nafuu hiyo isimfikie na yeye.

Aliuliza. Meneja akasema, "Dada, hata mimi sijaambiwa nitakuwa wapi." Akafunga mlango, wakazungumza muda mrefu, na kesho yake wakampigia mkubwa wao wa Mbeya, wote wawili kwa simu moja.

Jibu halijaja. Jana Veneranda alivua viatu mlangoni, akala, akacheka na mtoto. Nilipomuuliza, alisema bado anaogopa, ila sasa haogopi peke yake.